Akiba ya Nyumbani na Haki ya Jirani

Alhamdulillahi Rabbil-alamin. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Kila mara mvua zinapokatika mapema huko bara, na redio ikatangaza kwamba mavuno ya mahindi yatapungua, swali moja hutufikia kutoka kwa mama na dada zetu wa Mji wa Kale, wa Bondeni, wa Makadara na hata wa ng'ambo ya Likoni: Je, yafaa Muislamu kununua chakula kingi akakiweka ndani? Wako wanaochelea kwamba kufanya hivyo ni upungufu wa tawakkul. Wako wanaochelea kuhesabiwa pamoja na walanguzi. Na wako wasiouliza kitu. Husikia habari asubuhi, na kabla ya adhuhuri mkokoteni umesimama mlangoni ukiteremsha magunia. Kwa makundi haya matatu tumeonelea tuliandikie jambo hili kwa urefu kidogo, kwani ni la dini na la jikoni kwa pamoja.

Kwanza tukumbuke tunaishi wapi. Kisiwa cha Mombasa hakilimi nafaka yake, wala hakikulima zamani kwa kiasi cha kukitosha. Katika zama za utawala wa Mazrui, Mombasa iliitegemea Pemba kwa chakula, na kuipoteza Pemba kulikuwa pigo kubwa kwa mji huu. Baadaye, katika karne ya 19, mashamba ya Malindi na Takaungu yalitoa nafaka na ufuta uliopakiwa majahazini hadi Arabuni. Leo mahindi yetu hutoka Trans Nzoia, Uasin Gishu na nchi jirani ya Tanzania. Mchele mwingi huja kwa meli kutoka Pakistan na kwengineko, mwengine hutoka Mwea. Na ngano ya mkate na chapati zetu, sehemu yake kubwa hushushwa papa hapa bandarini ikitoka nchi za mbali.

Kwa hiyo, mji wetu hupata maumivu ya ukame usiouona. Katika mwaka wa 2017 mahindi yaliadimika nchini, serikali ikaingia kati ili pakiti ya unga ya kilo 2 iuzwe kwa shilingi 90, na watu wakapanga foleni kuigombea. Mwezi wa Februari 2022 vita vilizuka Ukraine, na bei ya ngano ikapanda duniani kote. Mwaka huo huo, huku misimu ya mvua ikifuatana kwa kukosa katika sehemu kubwa ya Kenya, pakiti ya unga ilipita shilingi 200, na mwezi wa Julai serikali ikatangaza tena bei ya ruzuku, safari hii shilingi 100. Mwezi wa Julai 2023 India ilizuia kuuza nje mchele mweupe usiokuwa basmati, na hata wasionunua mchele wa India walijua kwamba jambo limetokea. Mwenye nyumba anayefikiri juu ya kesho katika mji kama huu hafanyi ajabu.

Ama dalili za dini katika jambo hili ziko wazi. Mwenyezi Mungu ametusimulia katika Surat Yusuf habari ya mfalme aliyeota ng'ombe na masuke, na Nabii Yusuf (A.S.) akaifasiri ndoto ile kwa mpango: walime miaka saba kwa bidii, wanachokivuna wakiache katika masuke yake isipokuwa kidogo cha kula, kisha watakula akiba hiyo katika miaka saba ya shida. Hapa tuna Nabii aliyekuwa kilele cha tawakkul, naye akaamrisha kuweka akiba ya miaka. Hata njia ya kuhifadhi aliitaja. Nafaka iliyobaki ndani ya maganda yake huchukua muda mrefu zaidi kuharibika, na ndiyo maana mpunga hudumu kuliko mchele.

Na Mtume wetu (S.A.W.), kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim katika hadithi ya Sayyidna Umar, alikuwa akiwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka kutokana na mitende ya Banu Nadhir. Katika Sahihi Muslim, mama yetu Aisha (R.A.) amepokea kwamba Mtume alisema kuwa nyumba isiyokuwa na tende, watu wake wana njaa. Maulamaa wamefahamu kutokana na maneno hayo kuwa inafaa kuwawekea watoto chakula, na kwamba kila watu wana chakula chao cha kutegemea. Kwetu sisi tutasema unga, mchele na kunde. Basi anayedhani kwamba debe lililojaa huondoa tawakkul na aitazame nyumba ya Mtume.

Lakini hapa wengi husimama, wakaichukua nusu ya elimu na kuiacha nusu ya pili. Sharia iliyoruhusu akiba ndiyo iliyoharamisha ihtikari, yaani kuhodhi chakula cha watu mpaka kiadimike ili kiuzwe ghali. Katika Sahihi Muslim Mtume amemwita mwenye kuhodhi kuwa ni mkosa. Na Imam Nawawi, ambaye sisi watu wa pwani tuliolelewa katika madhehebu ya Shafi twamsoma toka udogoni, ameieleza mipaka yake vizuri. Ihtikari iliyo haramu ni mtu kununua chakula wakati wa ughali kwa nia ya biashara, kisha asikiuze bali akifungie mpaka kipande zaidi. Ama aliyenunua wakati wa rahisi, au aliyeleta mavuno ya shamba lake, au aliyenunua ili ale yeye na watu wake, huyo hayumo katika hukumu hiyo.

Je, maana yake ni kwamba mama anayenunua kwa ajili ya watoto wake hana mpaka wowote? Hapana. Imam Nawawi huyo huyo, akiifafanua hadithi ya chakula cha mwaka, amenukuu kutoka kwa Qadhi Iyadh upambanuzi ambao ameunasibisha kwa wengi wa maulamaa. Mtu akitaka kununua sokoni chakula cha kuwawekea watu wake, hutazamwa wakati. Ikiwa ni wakati wa wasaa, na anunue cha mwaka au zaidi. Ikiwa ni wakati wa dhiki ya chakula, haimfalii kufanya hivyo. Na anunue kiasi kisichowabana Waislamu wenziwe, kama chakula cha siku kadhaa au cha mwezi.

Jambo hili ndilo tunalotaka wasomaji wetu walishike. Gunia lile lile, pesa zile zile, nyumba ile ile: likinunuliwa baada ya mavuno ni busara na sunna, likinunuliwa siku rafu za duka zinapomalizika, huenda likawa ni mkono uliochukua chakula cha mwengine. Kinachobadilisha hukumu ni hali ya soko na ya watu siku hiyo.

Na ni nani huyo mwengine? Tumtaje, maana ni rahisi kumsahau. Ni mpagazi wa bandarini anayelipwa jioni na kununua nusu kilo ya unga njiani akirudi. Ni mvuvi ambaye miezi ya kusi bahari humfungia mlango. Ni mjane wa uchochoro wa pili anayekaanga mahamri alfajiri, na faida ya leo ndiyo unga wa kesho. Watu hawa hawawezi kuweka akiba hata wakitaka, kwa sababu shilingi haikai mikononi mwao mpaka kesho. Sisi tunaonunua kwa gunia tukikimbilia duka moja siku moja, mwenye duka huona bidhaa imekwisha na mahitaji yamezidi, naye hupandisha. Atakayelipa bei ile mpya hatakuwa sisi, kwani sisi tumekwisha kujaza madebe yetu. Atakayelipa ni yule wa nusu kilo.

Pwani hii inayo kumbukumbu chungu katika mlango huu. Waandishi wa historia wameeleza kwamba katika njaa ya miaka ya 1880, ile ambayo Wamijikenda waliiita Mwakisenge, wako wazazi waliowaweka watoto wao rehani kwa watu wa miji ya pwani ili wapate nafaka, na baadhi ya watoto hao hawakurudi makwao. Nafaka ilikuwako, ilikuwa katika maghala ya wengine. Twayataja haya ili tujue kwamba chakula kilichofungiwa huku jirani akiwa na njaa hugeuka kuwa kitu chengine kabisa, na Waislamu watasailiwa juu yake.

Itazameni pia hukumu ya nyama ya udh-hiya. Mwaka mmoja watu wa majangwani wenye dhiki waliingia Madina siku za Idi, na Mtume (S.A.W.) akawakataza watu kuweka nyama zaidi ya siku tatu, kilichozidi kitolewe sadaka. Mwaka uliofuata walipomuuliza, akawabainishia kwamba aliwakataza kwa sababu ya wale wageni wenye shida, na sasa wale, waweke akiba na watoe sadaka. Na Sayyidna Umar, ulipofika mwaka wa ukame uliojulikana kama Mwaka wa Ramada, mwaka wa 18 Hijria, aliwaandikia magavana wake walete chakula, na yeye mwenyewe akajizuilia samli na nyama mpaka watu wapate faraja. Hakuona haya kuwa na njaa pamoja na raia zake.

Sasa tuingie katika utendaji, kwani nia njema bila mpango huishia kwenye unga wenye wadudu.

La kwanza ni wakati. Mavuno makubwa ya mahindi ya Bonde la Ufa huanza kuingia sokoni kuanzia Oktoba na kuendelea hadi mwanzo wa mwaka. Ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania huvunwa takriban kati ya Mei na Julai. Kwa kawaida bei hushuka mavuno yanapoingia, na hupanda katika miezi ya kungojea mavuno mapya. Mwenye kutaka kuweka mahindi, maharagwe, mbaazi au kunde na anunue mavuno yanapoingia. Asingojee tangazo la ukame, wala asingojee wiki ya mwisho ya Shaaban ambapo mji mzima uko sokoni.

La pili ni kipimo. Nyumba ya watu 6 inayopika kilo 1 ya mchele na nusu kilo ya unga kwa siku yahitaji kilo 30 za mchele na kilo 15 za unga kwa mwezi. Kila mama na apime kwa muda wa wiki moja kile kinachopikwa kweli nyumbani mwake, kisha azidishe. Wengi watastaajabu kuona kwamba wanahitaji kidogo kuliko walivyodhani. Na asiyeweza kununua cha mwezi kwa mkupuo mmoja na aongeze kibaba kimoja kila wiki. Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba vinne ni pishi. Asikope kwa riba, wala kwa ile mikopo ya simu yenye riba, ili ajaze stoo. Akiba iliyojengwa juu ya haramu haina baraka, na deni lake huja kudai kabla ya njaa yenyewe.

La tatu ni uhifadhi. Nyumba zetu za mawe na chokaa hunywa unyevu wa bahari. Basi gunia lisilazwe sakafuni wala lisiegemezwe ukutani. Liwekwe juu ya mbao, pawe na nafasi ya hewa pande zote. Nafaka ianikwe juani mpaka ikauke, ipepetwe kwa uteo, ipoe, ndipo itiwe katika debe au pipa lenye kifuniko kinachokaza. Wenye uwezo watumie magunia maalumu yasiyopitisha hewa, ambayo fukusi hufa ndani yake kwa kukosa pumzi. Majani makavu ya mwarobaini yametumiwa na wazee wetu kufukuza wadudu. Unga uwekwe kidogo kuliko nafaka, kwa sababu haudumu. Hasa unga wa mashineni uliosagwa pamoja na kiini cha mahindi, ambao mafuta yake huchacha. Andikeni tarehe juu ya kila chombo, na kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kupikwa.

Katika uhifadhi liko jambo ambalo si la kufanyia mzaha, nalo ni sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Huzalishwa na kuvu inayoota juu ya mahindi na karanga zenye unyevu. Mwaka wa 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hii, na 125 wakafariki. Sumu hii haiondoki kwa kuoshwa wala kwa kupikwa. Mahindi yasihifadhiwe yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5, na mama asiye na kipimo anayo njia nyepesi: atie konzi za mahindi katika chupa kavu ya kioo, aongeze chumvi kavu, atikise, kisha aiache itulie kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani. Na mahindi yaliyokwisha kuota kuvu yasiliwe, wala wasipewe kuku, wala yasitolewe sadaka. Hatutoi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu kile ambacho tungekiogopa katika sahani za watoto wetu.

La nne ni ulimi na simu. Siku hizi habari ya uhaba husafiri haraka kuliko lori la mahindi. Mmoja hutuma ujumbe kwamba unga umekwisha mjini, mia wakausambaza, na kufikia jioni unga umekwisha kweli. Mwenyezi Mungu amewalaumu katika Surat Nisaa, aya ya 83, wale ambao likiwajia jambo la amani au la hofu hulitangaza, kabla ya kulirejesha kwa wenye kulijua. Tusiwe sisi tuliouanzisha upungufu kwa vidole vyetu.

La tano, na ndilo lililobeba mengine yote, ni fungu la jirani. Twapendekeza kila nyumba inayoweka akiba iweke ndani yake, tangu siku ya kwanza, sehemu isiyokuwa yake. Katika kila pishi, kibaba kimoja kiingie chombo cha peke yake. Usingojee shida ifike ndipo uanze kupima moyo wako; siku hiyo moyo huwa mzito. Kikiwa kimekwisha kutengwa, kazi inayobaki ni kukipeleka tu, na kukipeleka kwa staha, usiku ikibidi, ili mpokeaji asivunjike uso.

Na dada zetu wasiseme kwamba mali ni ya mume. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa mama yetu Aisha kwamba mwanamke akitoa katika chakula cha nyumba yake pasi na kuharibu, hupata thawabu kwa kutoa kwake, mumewe hupata kwa kuchuma kwake, na mtunza ghala naye hupata mfano wa hayo, wala haipungui ya yeyote kati yao. Mama wa nyumba mara nyingi ndiye mtoaji na ndiye mtunza ghala.

Iko njia nyengine inayowafaa wasio na nafasi ya kununua peke yao. Wanawake kumi wa mtaa mmoja wakinunua pamoja gunia la maharagwe la kilo 90 baada ya mavuno, kila mmoja atapata kilo 9 kwa bei ya jumla ambayo peke yake asingeifikia. Wakimwingiza wa kumi na moja asiyekuwa na cha kutoa, kila fungu litapungua chini ya kilo moja. Mtume (S.A.W.) aliwasifu watu wa kabila la Ashari kwa mfano wa jambo hili: chakula kilipowapungukia hukusanya vyote walivyonavyo katika nguo moja, wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja, akasema kwamba wao ni katika yeye na yeye ni katika wao. Ni sifa gani tunayoitaka zaidi ya hiyo?

Turudi kwa Nabii Yusuf. Ghala zile za Misri hazikufungwa. Wafasiri wamesema kwamba kila mtu alipewa mzigo wa ngamia mmoja, ili chakula kiwafikie wengi, na ndugu zake walipotoka Kanaani wakiwa na bidhaa hafifu walitimiziwa kipimo. Aliweka miaka saba ili afungue miaka saba. Na Mtume wetu, aliyewawekea watu wake chakula cha mwaka, hakuwa akimaliza mwaka nacho. Alikuwa akitoa katika mambo ya kheri mpaka kikesha. Alifariki dunia huku deraya yake iko rehani kwa pishi 30 za shayiri alizozichukua kwa ajili ya watu wake.

Basi wekeni, enyi wazazi wenzetu, na wekeni mapema. Na siku mtakaposikia kwamba mvua zimekosa na mkahisi mkono unakimbilia gunia la tatu, ulizeni kwanza: jirani wa kulia amepika nini leo, na wa kushoto je?

Ewe Mola, tuteremshie mvua yenye manufaa isiyo na madhara, tubarikie vibaba vyetu na pishi zetu, na usitujaalie kuwa sababu ya njaa ya yeyote katika waja wako. Amin.

Wabillahi tawfiq.